Msitu Mkubwa, Udongo Maskini

Wako watu hapa Magomeni, na wengine wao ni wanachama wenzetu, wasemao kwamba msitu wa Pugu umekalia ardhi nono bure. Hoja yao ni nyepesi: miti mirefu haioti penye njaa, basi ing'olewe, ipandwe mihogo na mahindi. Twawaomba ndugu hao watusikilize kabla hawajanunua shamba kwa mtu asiye na haki ya kuliuza.

Udongo ni mtoto wa jiwe. Mwamba ukichakazwa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka, hubaki kile ambacho maji hayakuweza kukichukua. Mfano ulio wazi kupita yote ni jiwe la kijani liitwalo serpentini, jina litokanalo na nyoka, kwa kuwa uso wake hufanana na ngozi yake. Huzaliwa pale miamba mizito ya chini sana ya ardhi inapokutana na maji. Udongo wake umejaa magnesiamu, chuma, nikeli na kromiamu, lakini kalsiamu, potasiamu na fosforasi ni haba. Mmea utiao mzizi humo hukuta sumu nyingi na chakula kidogo. Nchini Zimbabwe uko mkanda wa miamba uitwao Great Dyke, urefu wake kilometa 550 hivi. Palipo na serpentini juu yake, mara nyingi miombo hukoma, zikabaki nyasi na vijiti vilivyodumaa; ng'ambo ya mpaka miti yaendelea. Mvua ni ileile, jua ni lilelile. Hapa kwetu, huko Haneti mkoani Dodoma, hupatikana kito cha kijani kiitwacho krisoprasi, nacho rangi yake ni nikeli iliyotoka katika miamba ya ukoo huo.

Pugu hakuna serpentini. Kuna kaolini, ule udongo mweupe. Vilima vile ni mchanga wa kale uliogandamana, na ndani yake mlikuwamo chembe za felspa zenye chakula cha mimea. Mvua za zama nyingi zikakichukua kile chakula, na chembe zikageuka kaolini. Kwa kiwanda cha vyombo, karatasi au rangi ni mali. Kwa mkulima ni tenga: chakula hupita, hakikai.

Basi msitu waishije? Wajilisha wenyewe. Jani huanguka, huoza, na kuvu pamoja na mizizi myembamba hunyakua chakula chake kabla mvua haijakizamisha. Utajiri wote u ndani ya miti na katika tabaka jembamba la majani. Chini yake ni umaskini. Katika ufukara huo imekua mimea ambayo wataalamu waliipa jina la mahali penyewe: Baphia puguensis, Millettia puguensis, Uvaria puguensis. Si miji mingi mikubwa yenye jirani wa namna hiyo, na wengi wetu hatujapata kumtembelea.

Ukiukata msitu na kuuchoma, majivu yatalisha mahindi msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo mkulima huhama, akakata tena mbele. Msitu wa Kazimzumbwi, pacha wa Pugu, ulivamiwa hivyo katika miaka ya 1990 kwa mashamba na mkaa. Leo misitu yote miwili ni hifadhi ya mazingira asilia. Hatumlaumu mama anunuaye kopo la mkaa sokoni. Bei ya gesi aijua yeye kuliko sisi waandishi. Twamlaumu mwenye lori.

Tena jambo hili si la Kisarawe tu. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita Jangwani, kati yetu na Kariakoo. Desemba 2011 ulifurika, watu wakafa, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Hatusemi Pugu peke yake ndiyo iliyoleta msiba ule. Bonde lenyewe limejengwa na kujazwa taka. Lakini mteremko uliovuliwa miti haushiki maji wala mchanga, na mchanga huo hujaza mkondo wa mto hapa chini, hata mvua ya siku moja ikafunga Barabara ya Morogoro na mfanyakazi asifike kazini.