Rangi ya Pasaka Imo Kwenye Maganda ya Vitunguu

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mwombe anayekuuzia vitunguu asitupe maganda. Atakucheka kidogo, halafu atakujazia kikapu bure, maana kwake hiyo ni takataka ya kufagia jioni. Kwa mayai dazeni moja yanatosha maganda makavu ya vitunguu kumi hivi, na vile vyekundu vinavyotoka Singida au Mang'ola ndivyo vyenye rangi ya kukolea. Ukiwa na hayo, siki na sufuria ya zamani, huna haja na ile rafu ya supamaketi inayojazwa mayai ya plastiki, vikapu vya plastiki na manyasi ya plastiki ya kulazia mayai ya plastiki.

Kupaka mayai rangi hatukukukuta kwa babu zetu. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki wamekua wakiijua Pasaka kwa matawi, mkesha, nguo mpya na pilau. Yai limekuja baadaye, likiletwa na katuni na shule za chekechea. Sina ugomvi nalo. Watoto wamelipenda, basi. Wagiriki Waorthodoksi, ambao desturi hii wanayo tangu zamani, hupaka mayai yao rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu, na katika nyumba nyingi za Ulaya ya Mashariki rangi hutokana na maganda haya haya ya vitunguu. Anayeyatumia asione haya kwamba anabana matumizi.

Maganda yachemshwe nusu saa kwenye lita moja na nusu ya maji, kisha uchuje maji hayo na kuyaacha yapoe. Usikimbilie hapo, kwa sababu yai bichi likitumbukizwa kwenye maji ya moto hupasuka. Yakishapoa, tia vijiko viwili vitatu vya siki, panga mayai, rudisha jikoni kwa moto mdogo. Dakika kumi au kumi na mbili baada ya kuanza kuchemka, yai limeiva na limeshika rangi. Ukitaka rangi iliyokolea zaidi, liache humo humo mpaka maji yapoe. Mayai ya kahawia ya kuku wa kisasa hutoka na wekundu mzito kama mbao ya mninga iliyopigwa vanishi. Yale meupe ya kienyeji hutoka mepesi zaidi, yenye rangi ya machungwa.

Hapo mtoto atauliza siki ni ya nini, na asipouliza, muulize wewe. Ganda la yai, kwa uzito wake, ni takriban asilimia 95 kalsiamu kaboneti, yaani madini yale yale ya mawe ya chokaa na ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Lamu na Kilwa. Asidi ya siki huila ganda kidogo kidogo na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Mpe mtoto kipande cha ganda ndani ya glasi ya siki, ataviona vipovu vikipanda. Kuliwa huko ndiko kunakoondoa utando mwembamba uliolifunika yai tangu lilipotagwa na kuukwaruza uso wake, ili rangi ipate pa kushika. Rangi ya kitunguu yenyewe inatokana zaidi na kwesetini, kemikali ambayo mmea huirundika kwenye maganda ya nje. Acha yai bichi zima ndani ya siki siku moja na nusu hivi, ganda litakwisha lote na yai litabaki na ngozi yake laini ya kubonyea. Hilo ni la kutazamwa, haliliwi.

Kinachowakalisha watoto kimya jikoni ni majani. Chukua jani dogo lenye umbo zuri, la giligilani au la mchicha mchanga, lilowanishe, libandike kwenye yai bichi. Livike yai kipande cha soksi nyembamba ya nailoni iliyochanika, vuta hadi ibane sawasawa, funga kwa uzi, ndipo uchemshe. Ukifungua, umbo la jani limebaki jeupe na mishipa yake inaonekana. Nimeona watu wakitumia kipande cha chandarua kuukuu badala ya soksi. Msifanye hivyo. Vyandarua vingi vya kwetu vimetiwa dawa ya kuua mbu, na hili ni yai la kuliwa.

Mwenye mayai meupe na apike mengine kwa binzari ya manjano, vijiko viwili kwa nusu lita ya maji, na siki kidogo. Kisha ampe mtoto kijiti chenye pamba na maji ya magadi achore. Mistari itatokea myekundu juu ya njano. Kila aliyefua shati la shule lenye doa la mchuzi amewahi kuliona jambo hili: doa lilikuwa la njano, likapakwa sabuni ya mche, likageuka jekundu ghafla. Kurkumini iliyomo kwenye binzari hubadilika rangi ikikutana na alkali, na sabuni na magadi yote ni alkali. Pakaza siki juu ya mstari, unarudi njano. Mtoto wa darasa la tatu akicheza hivyo nusu saa, somo la asidi na alkali akilikuta sekondari halitamtisha. Choya nayo inajaribiwa, ile ya juisi nyekundu, ila ni kigeugeu. Ni chachu kiasi kwamba yenyewe hulila ganda, na yai hutoka na rangi ya kijivu ya samawati yenye madoa ya vipovu. Wengine huona limeharibika. Mimi ndilo ninalolipenda zaidi.

Tahadhari moja kuhusu kusaka mayai. Kwa joto la pwani, yai la kuchemsha lisikae nje zaidi ya saa moja kama linakusudiwa kuliwa, na hata pale penye ubaridi wa milimani mwisho ni saa mbili. Kwa hiyo mayai haya yakae mezani, yaliwe, na cha kufichwa bustanini kiwe kingine. Nitakirudia mwishoni.

Kanisa lenyewe lina mzunguko mzuri ambao watoto wengi hawajaelezwa. Matawi ya Jumapili ya Matawi huwekwa nyumbani mwaka mzima, nyuma ya msalaba au juu ya mlango, kisha Wakatoliki huyarudisha parokiani kabla ya Kwaresima inayofuata. Huchomwa, na majivu yake ndiyo wanayopakwa waumini Jumatano ya Majivu. Hakuna kinachotupwa. Tatizo liko kwenye ukataji. Mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia, pale katikati ya makuti machanga. Hauna macho ya pembeni ya kuchipua upya kama mwembe. Ukikata lile kuti changa jeupe pamoja na moyo wake, umeua mti mzima, hata kama ni wa miaka arobaini. Kata kuti lililokwisha kufunguka, la pembeni, na moja tu kwa kila mti. Ukindu huvumilia zaidi kwa sababu humea kwa vichaka, shina moja likifa mengine yapo. Anayemtuma mtoto kutafuta matawi na amfundishe hilo kwanza.

Kabla ya hapo, mtoeni mtoto nje usiku autazame mwezi. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye. Ndiyo kanuni iliyokua kutokana na mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, na ndiyo sababu sikukuu hii huwa mapema kabisa tarehe 22 Machi na haivuki 25 Aprili. Kanisa hutumia mwezi wa hesabu, ambao kwa kawaida haupishani sana na ule wa angani. Mwaka 2025 mwezi ulijaa tarehe 13 Aprili, siku ya Matawi yenyewe, ikabidi Pasaka isubiri hadi tarehe 20. Waorthodoksi huihesabu kwa kalenda ya kale ya Juliasi, na mara nyingi Pasaka yao huchelewa. Kwa watoto wa Tanga au Mombasa mwezi huo una kazi ya ziada, maana mwezi mpevu huleta bamvua. Katika juma linaloishia Pasaka yenyewe, maji hujaa mno na hupwa mno, na mwamba unaachwa wazi. Waende wakaangalie pweza, kaa na viti vya pwani kwenye vidimbwi. Makombe yaliyo hai wayaache yalipo.

Na pia ni masika. Sikukuu hii kwetu huangukia mvua, na mvua ndiyo inayoamua mengi niliyobakiza kusema.

Sasa sufuria. Nitakuwa mkweli: mayai yote ya nyumba nzima, yapakwe kwa maganda au kwa rangi ya dukani, mzigo wake kwa mazingira ni mdogo ukilinganisha na pilau ya Jumapili. Tanuri la kienyeji la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Serikali ya Tanzania imepanga kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wengi wetu bado tunapikia mkaa, na hata mwenye mtungi wa gesi hutoa jiko la mkaa uani siku ya sikukuu, kwa sababu pilau lazima ipaliwe. Jaribuni kikapu. Kikapu kikubwa cha ukindu, ndani kimetandikwa blanketi kuukuu au mto wa sufi, pande zote na juu. Nyama imeshaiva, maji ya wali yamekaribia kukauka, funika sufuria kwa nguvu, ipakate kikapuni, fungia. Nusu saa hadi dakika arobaini wali umejipika kwa joto lake na haukuungua chini. Watoto hupenda kupewa ulinzi wa kikapu, kuhakikisha mashangazi hawachungulii. Pilau hiyo iliwe ingali moto, isiachwe humo mchana kutwa. Wapenzi wa ukoko watalalamika, na wana haki.

Mabaki ndiyo mzigo mwingine. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Kikifukiwa kwenye rundo la taka la Pugu au Dandora bila hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayokamata joto kwa nguvu kubwa zaidi kuliko kaboni dayoksaidi. Mkabidhi mtoto kipimo: kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane, watoto wakiwemo, na yeye ndiye ahesabu vichwa. Kitakachobaki, kipelekwe kwa jirani kwenye sahani iliyofunikwa kawa, kama ilivyofanywa siku zote mitaani kwetu, Idd kuja huku na Pasaka kwenda kule. Sahani hurudi. Yale maboksi meupe ya foumu hayarudi, na mvua ya masika huyasukuma moja kwa moja mfereji ulipo. Mifuko ya plastiki tulikwisha kuagana nayo, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sioni kwa nini tuikaribishe kwa sura nyingine siku ya wageni.

Maganda ya mayai yasitupwe. Yakaushwe juani, yatwangwe kwenye kinu hadi yawe unga, wapewe kuku wanaotaga au yatiwe kwenye mboji. Vipande vikubwa hukaa udongoni miaka bila kuoza.

Nguo nazipitia haraka. Mwambie fundi aache pindo pana kwenye gauni la kitenge, mwaka kesho mtashusha. Chokoleti hata zaidi: siagi ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, kwa hiyo yai la chokoleti lililosafirishwa kutoka Ulaya hufika mkononi mwa mtoto wa Dar es Salaam likiwa limelegea, ilhali kakao yenyewe inalimwa Kyela na kule Bundibugyo, Uganda. Mkiipata ya huko, nunueni.

Basi kile cha kufichwa. Machi na Aprili maparachichi yapo sokoni maeneo mengi. Kusanyeni makokwa siku chache kabla, yaosheni, yafungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, maana kokwa likikauka halioti tena. Kila mtoto aweke alama ya chaki yenye rangi kwenye ya kwake. Jumapili mchana yafichwe chini ya majani na nyuma ya madebe, wayasake. Jumatatu ya Pasaka wayapande kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, upande mpana ukiwa chini, ncha ikichungulia juu ya udongo, na kazi ya kumwagilia ifanywe na masika. Mche utakaotoka hauzai tunda sawa na lile mlilokula, na ukiachwa hivyo huweza kuchukua miaka mitano hadi kumi kabla ya kuzaa. Ukifika unene wa penseli, mtafuteni fundi wa miche awabebeshee kikonyo, na kikonyo hicho kikatwe kwenye mti ambao watoto wameshaonja matunda yake.