Kamera ya Kukunja Inapovujisha Mwanga

Kamera nyingi za kukunja zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1950 zingali zafaa kutumika, kwa kuwa filamu ya namba 120, iliyoanzishwa na Kodak mwaka 1901, inatengenezwa hadi leo. Lakini filamu moja hutoa picha 8 au 12 tu, na mtu aliye Kasulu au Kibondo hana budi kuiagiza kutoka mbali. Doa jeupe likiangukia uso wa bibi mzee aliyepigwa picha mara moja tu maishani, hasara hiyo hailipiki. Yafaa basi kuijua kasoro kabla ya filamu kutiwa.

Kati ya lenzi na filamu pana mfuko wa ngozi au kitambaa wenye mikunjo, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Katika nyanda za juu za Kigoma mfuko huo hupata unyevu wakati wa masika, kisha hukauka katika kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kukunjwa na kukunjuliwa mara kwa mara huupasua, hasa pembeni mwa mikunjo.

Je, tundu dogo laweza kudhuru? Hebu tupige hesabu. Tundu la milimita 0.3, lililo milimita 75 kutoka kwenye filamu, lina uwiano wa 75 ÷ 0.3, yaani 250. Lenzi iliyowekwa kwenye 16 hupitisha mwanga zaidi kwa (250 ÷ 16)², yaani mara 244 hivi. Filamu ya kasi 100, juani, huhitaji sehemu 1/100 ya sekunde kwenye 16. Kwa hiyo tundu hilo huhitaji sekunde 2.5 tu kufanya kazi ile ile. Mpiga picha anayeiacha kamera wazi dakika nzima huipa filamu muda mara 24 ya huo.

Doa lenyewe hueleza lilikotoka. Likiishia ndani ya mpaka wa picha, shaka iwe kwenye mfuko. Likivuka mpaka na kufika ukingoni mwa filamu, chunguza mlango wa nyuma, au filamu iliyoviringishwa kwa ulegevu. Doa la mviringo katikati hutokana mara nyingi na kidirisha chekundu cha kusomea namba. Filamu za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu. Nyingi za sasa huuhisi, hivyo kidirisha kifunikwe daima.

Lenzi huigeuza taswira juu chini, na mwanga upitao kwenye tundu huvuka kwenda upande wa pili. Mageuzi hayo mawili hufutana: kwa kawaida doa lililo chini ya picha huonyesha tundu la chini ya mfuko.

Fundi wa baiskeli huzamisha mpira majini ili mapovu yamwonyeshe pancha. Sisi tutatumia mwanga. Usiku, katika chumba chenye giza, ondoa filamu, kunjua kamera na ungoje dakika 10 macho yazoee. Ingiza tochi ndogo kupitia mlango wa nyuma, kisha uupinde mfuko polepole huku ukitazama kila pembe. Weka alama ya chokaa penye nukta ya mwanga. Tazama pia shata kutoka mbele. Ikiwa imefungwa, isipitishe mwanga wowote.

Ziba tundu kwa kitambaa chembamba cheusi na gundi isiyokauka ikawa ngumu. Kiraka cha baiskeli hakifai, kwani unene wake huzuia mfuko kukunjika. Acha gundi ikauke kabisa kabla ya kufunga kamera, kisha rudia jaribio la tochi.

Mwalimu aweza kulifanya zoezi hili darasani. Wanafunzi waandike kwanza dhana yao juu ya mahali pa tundu kwa kusoma doa, ndipo tochi iwashwe. Anayebandika viraka kila mahali huenda akaponya kamera, lakini hatajua ni kipi kilichoiponya.