Funguo Zilizolika za Gitaa Kuukuu: Namna ya Kuzichunguza na Kuzibadilisha

Mkoa wa Tabora umelizoea gitaa tangu zamani. Mjini Tabora ndiko zilikovuma bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz. Basi si ajabu kwamba hata Igunga, pembezoni mwa mbuga ya Wembere, fundi aweza kuletewa gitaa kuukuu la nyuzi za nailoni ambalo mwenyewe alalamika kuwa “halishiki sauti”. Aghalabu lawama hutupiwa nyuzi, kumbe kosa limo katika funguo, yaani mitambo midogo iliyo kichwani mwa gitaa, ambayo kazi yake ni kukaza na kulegeza nyuzi. Makala haya yanaeleza jinsi funguo hizo zinavyofanya kazi, kwa nini hulika, na jinsi ya kuzibadilisha bila ya kukidhuru chombo chenyewe.

Kutoka kigingi hadi gia

Katika zeze na udi, uzi huzungushiwa kigingi cha mti kilichochongwa kuchongoka na kushindiliwa katika tundu. Kinachokizuia kigingi kisirudi nyuma ni msuguano tu. Magitaa ya kale nayo yalikuwa na vigingi vya namna hiyo, mpaka mitambo ya gia ilipoenea katika karne ya 19.

Kila ufunguo wa gia una sehemu kuu tatu: kishikio kilichoungana na parafujo ya chuma, gurudumu la meno, na mhimili unaozungushiwa uzi. Parafujo ikizunguka mara moja, gurudumu husogea jino moja tu. Msomaji aliyewahi kukaza kwa bisibisi klipu inayobana mpira wa pampu ya maji ameiona kanuni hiyo hiyo.

Tuchukue gurudumu lenye meno 14 na mhimili wenye kipenyo cha milimita 10. Mzingo wa mhimili huo ni kama milimita 31. Kwa hiyo kishikio kikizungushwa mzunguko mmoja, uzi huvutwa kiasi cha milimita 2.2 tu. Hapo ndipo penye faida ya gia: mkono hufanya mwendo mkubwa, na uzi hufanya mwendo mdogo unaoweza kupimwa kwa sikio. Faida ya pili ni kwamba parafujo huweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuisukuma parafujo, kwa kuwa mwinamo wa hesi zake ni mdogo na msuguano ni mwingi. Uzi hubaki pale ulipoachwa.

Kwa nini funguo hulika

Gurudumu la meno kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Madini haya si mageni katika nchi hii: katika karne ya 19 misafara iliyopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilichukua mizingo ya nyaya zake, iliyoitwa masango, kuwa bidhaa ya kubadilishana. Shaba hiyo ni laini kuliko chuma. Kwa hiyo vikisuguana, shaba ndiyo hulika kwanza.

Vumbi la kiangazi huongeza uharibifu. Mafuta yakitiwa kwa wingi, vumbi hugandamana nayo, na mchanganyiko huo husaga meno kama msasa. Tena, mbao za kichwa cha gitaa hunywea wakati wa ukavu na kuvimba wakati wa mvua, na hivyo skrubu hulegea.

Uchunguzi kabla ya kununua

Meno yakilika, hutokea nafasi kati yake na parafujo. Mpigaji akizungusha kishikio kwa kulegeza, kwanza hakuna linalotokea, kisha sauti hushuka ghafla. Dawa ya kwanza haina gharama: shusha uzi chini ya sauti itakiwayo, kisha upandishe mpaka uifikie. Kwa njia hii meno hubaki yameegemea upande mmoja, na ile nafasi haina pa kufanyia madhara.

Pili, kaza skrubu ndogo ishikayo kila gurudumu kwenye mhimili wake. Mara nyingi hiyo peke yake ndiyo iliyolegea. Tatu, ondoa uchafu kwa brashi kavu, kisha tia tone moja la mafuta mepesi na kupangusa yanayozidi. Ikiwa baada ya hayo meno yanaruka, au mhimili unatikisika, ndipo funguo zibadilishwe.

Vipimo na kazi yenyewe

Hapa ndipo magitaa mengi mazuri yaharibiwapo. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu, kwani kwa jumla huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40, kisha zitoe pamoja na funguo. Pima umbali kutoka kitovu cha mhimili mmoja hadi cha mwingine. Katika funguo nyingi za siku hizi ni milimita 35, na kipenyo cha mhimili ni milimita 10. Lakini magitaa ya zamani huwa na vipimo mbalimbali. Umbali ukihitilafiana kwa milimita 1 tu, mhimili wa kati utaingia sawasawa, bali miwili ya pembeni itabana ukingoni mwa tundu. Atakayeilazimisha kwa skrubu atapata funguo mpya zilizo ngumu kuliko zile mbovu, nazo zitalika upesi.

Vipimo vikilingana, ingiza funguo mpya bila nyuzi. Kila kishikio kizunguke kwa vidole viwili. Kaza skrubu za bamba, ujaribu tena. Kikiwa kigumu sasa, funguo haziketi sawa. Tundu la skrubu lililopanuka lizibwe kwa kijiti cha mti na gundi.

Vipimo visipolingana, fundi asikimbilie keekee. Tundu likishapanuliwa, mti uliotoka haurudi, na kichwa hudhoofika mahali panapobeba mvuto wote. Ni heri kutafuta seti yenye vipimo vya zamani, au kubadilisha gurudumu lililolika peke yake kwa kulitoa katika seti kuukuu nyingine.

Nyuzi mpya za nailoni zikishafungwa, zitaendelea kunyooka kwa siku kadhaa. Kushuka kwa sauti wakati huo si kosa la funguo. Ama zile funguo za zamani, zifungwe katika kitambaa na kuwekwa pamoja na gitaa. Huenda fundi wa kesho akawa na njia ya kuziponya ambayo sisi leo hatunayo.