Somo la Baiskeli Linapoishia Getini

Mwaka 1998 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ambayo kila anayeandika mradi wa kuwafundisha watoto usalama wa baiskeli angepaswa kuyasoma kabla hajagusa bajeti. Waliwachukua watoto wa miaka 9 hadi 14 waliofikishwa hospitalini baada ya kuumia kwenye baiskeli, wakawalinganisha na wenzao wasioumia, wakauliza nani kati yao alipitia somo la Bike Ed shuleni. Hawakuona dalili kwamba somo lilimkinga mtoto. Takwimu zilielekea hata upande wa pili, hasa kwa wavulana, kwa watoto wadogo zaidi, na kwa wale ambao nyumbani kwao hakuna mtu mwingine anayeendesha baiskeli.

Mimi nashika hilo la mwisho. Mtoto anafundishwa, anasifiwa, kisha anarudi nyumbani ambako hakuna wa kuongozana naye. Mzazi anaamini kazi imekwisha, maana shule imemfundisha. Watafiti wenyewe walidhani huenda somo lilimtia mtoto ujasiri, au lilimtoa barabarani bila mtu mzima wa kumwangalia. Waliopanga mradi ule hawakukusudia hilo hata kidogo, na ndiyo sababu linatisha.

Uingereza nako wana mafunzo ya baiskeli ya Bikeability, yaliyoanza mwaka 2007. Katika mpango ni kazi nzuri sana: hatua ya kwanza uwanjani, ya pili kwenye barabara tulivu, ya tatu kwenye barabara zenye magari mengi. Mtoto anafundishwa kugeuza shingo na kutazama nyuma juu ya bega la kulia kabla hajahama njia, na kutojibanza ukingoni mahali ambapo dereva hatamwona. Sisi Watanzania nasi tunapita kushoto, kwa hiyo somo hilo lingetufaa lilivyo. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2016 ulioongozwa na Anna Goodman ulikuta kwamba watoto wa miaka 10 na 11 ambao shule zao zilikuwa zimeshatoa mafunzo hawakuendesha mara nyingi zaidi kuliko wale ambao zamu yao haijafika. Huenda walijua zaidi, lakini barabara ya nje ilibaki ileile, na hofu ya mama zao pia.

Haya ndiyo yanayotokea andiko la mradi linapokutana na shule. Saa zilizopangwa zinamegwa na mitihani. Mkuu wa shule, ambaye ndiye atakayeulizwa mtoto akigongwa, anasema tubaki uwanjani. Wala simlaumu. Basi zinachorwa barabara kwa chokaa, watoto wanazunguka, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Uwanjani mtoto atajifunza kufunga breki na kushika usukani kwa mkono mmoja. Hatajifunza kukisia kama dereva wa Fuso amemwona, wala afanye nini bodaboda inapompita upande asioutarajia.

Watu hupenda kuitaja Uholanzi, ambako watoto wa shule ya msingi hufanya mtihani wa barabarani: baiskeli inakaguliwa kwanza, kisha mtoto anapita njia iliyopangwa mitaani huku wazazi waliojitolea wakisimama kwenye makutano na kuandika anavyofanya. Kinachosahaulika ni kwamba mitihani hiyo ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na bado mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa barabarani nchini humo. Ndipo wazazi wakaingia mitaani na kampeni ya Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Hawakudai vipindi zaidi vya darasani. Walidai magari yapunguzwe kasi na njia zitengwe. Somo la Kiholanzi linalosifiwa leo linafundishwa juu ya barabara ambayo watu waliipigania.

Dar es Salaam tuna mfano wetu, ingawa unahusu hasa watoto waendao kwa miguu. Shirika la Amend, kwa mpango wake wa SARSAI, lilizikagua shule ambazo watoto wake hugongwa sana, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na pengine likahamisha geti la shule kutoka upande wa barabara kuu. Darasa la usalama lilikuja pamoja na ujenzi huo. Majeruhi walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya Ross Prize for Cities.

Sasa mfikirie mtoto wa Shinyanga au Tabora aliyetumwa kusaga mahindi kwa baiskeli ya baba yake. Siti iko juu kuliko kiuno chake, kwa hiyo amepenyeza mguu ndani ya fremu na anakanyaga pedeli akiwa amelala upande. Breki ya mbele haipo, ya nyuma ni ndala anayoibana kwenye tairi. Debe liko kwenye karia. Mwili uliopinda vile, na mzigo nyuma, hauwezi kugeuka kutazama juu ya bega la kulia. Kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye baiskeli ya kimo chake hakimjui huyu.

Ningepewa mradi wa kumfundisha mtoto huyu, fedha za kwanza zingeenda kwa fundi wa pale sokoni: apewe spana, nyaya na mipira ya breki, akae shuleni wiki nzima akitengeneza baiskeli zile ambazo watoto huzitumia kweli. Za pili zingeenda kwenye matuta na bega la barabara mbele ya shule. Kisha ndipo watoto watoke getini, wachache kwa kila mkufunzi, wapite njia yao ya kila siku hadi mashineni na kurudi, na baba mwenye baiskeli aitwe naye, asimame njia panda na daftari.