Kusomea Takwimu Marekani (3): Muhula wa Kwanza, Kozi Tatu Zatosha

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu barua ya udahili na viza. Leo mwanafunzi wetu amekwisha fika Marekani, ni katikati ya Agosti, masomo yanaanza juma lijalo, na mfumo wa usajili umemfungulia orodha ndefu ya kozi.

Aliyesoma shahada ya kwanza Dar es Salaam au Nairobi hapo hushikwa na bumbuwazi. Kwetu ratiba huja imekwisha pangwa: kozi za lazima zinajulikana, za hiari ni chache, na darasa husogea pamoja hadi mahafali. Kule hakuna wa kukupangia. Wawili waliodahiliwa idara moja, siku moja, wanaweza kusajili kozi tofauti na wote wakawa sahihi. Uhuru huo ndio unaowaponza wengi, kwani mgeni huchagua kwa kutazama majina ya kozi yanayovutia.

Sheria kwanza, tuimalize. Mwenye viza ya F-1 lazima asome muda wote. Kwa uzamili na uzamivu, chuo chenyewe ndicho kinachoamua muda wote ni krediti ngapi. Vingi husema 9, yaani kozi tatu za krediti tatu tatu. Katika hesabu hiyo, kozi ya mtandaoni inayokubalika ni moja tu kwa muhula. Chuo nacho kina siku 30 tangu programu ianze kuiarifu serikali kwamba umejisajili. Kwa hiyo ukizidiwa usifute kozi kimya kimya. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni upate idhini. Kanuni zenyewe zinatambua kwamba mgeni anaweza kuwekwa darasa lisilo la kiwango chake, au kutozoea ufundishaji wa Kimarekani, na huyo huruhusiwa kupunguza mzigo. Anayefuta kwanza na kueleza baadaye anahatarisha ukaazi wake.

Na mfumo ukikugomea, usidhani umekosea kozi. Mara nyingi ni zuio la kiofisi tu: cheti cha chanjo ya surua hakijapokelewa, au karo haijaingia. Cheti hicho kitafute ungali nyumbani.

Sasa twende kwenye masomo yenyewe. Mwaka wa kwanza wa takwimu husimama juu ya kozi mbili, nadharia na mbinu, na hizo huna haja ya kuzijadili, zisajili. Katika nadharia, idara nyingi bado hutumia kitabu cha George Casella na Roger Berger, Statistical Inference, kilichotoka 1990 na kupata toleo la pili 2002. Kwa kawaida muhula wa kwanza humaliza sura tano za mwanzo, yaani uwezekano, vigeu nasibu na tabia za sampuli. Ukadiriaji na upimaji wa nadharia tete husubiri muhula wa pili.

Kozi ya mbinu ndiyo hudharauliwa. Kijana aliyekuja kwa hamu ya akili mnemba huuliza kwa nini afundishwe habari za vipande vya mashamba. Ni kwa sababu taaluma hii ilikulia shambani. Ronald Fisher aliiunda misingi ya usanifu wa majaribio Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza alikoanza kazi mwaka 1919. Huko Marekani, maabara ya takwimu ya Iowa State iliyoanzishwa 1933 chini ya George Snedecor ilizaliwa katika chuo cha kilimo. Kanuni ya kugawa vipande vya shamba kwa bahati nasibu ndiyo hiyo hiyo inayoamua leo mgonjwa yupi apewe dawa mpya na yupi apewe ya zamani. Asiyeielewa atachora grafu nzuri, lakini hataweza kusema dawa imeponya au la.

Imebaki kozi ya tatu, na ubishi wote uko hapa. Wako watakaokushawishi uchukue nadharia ya uwezekano ya ngazi ya juu, ile inayojengwa juu ya nadharia ya vipimo, ili uonekane mtu wa maana. Wengine watakuvutia kwenye ujifunzaji wa mashine. Mimi nasema jipime kwanza. Chukua karatasi tupu, bila kitabu, uthibitishe kwamba kila mfuatano wa Cauchy wa namba halisi una kikomo. Ukimaliza bila taabu, ingia ngazi ya juu. Kalamu ikikwama mstari wa pili, basi kozi yako ya tatu ni uchanganuzi wa namba halisi, hata kama utakaa na vijana wa shahada ya kwanza. Baadhi ya shahada zetu za takwimu hukokotoa sana na kuthibitisha kidogo, na pengo hilo halizibiki kwa kukesha. Uliza tu kama krediti za kozi hiyo zitahesabiwa katika zile 9; pengine hazihesabiwi.

Kozi ya nne achana nayo. Wengi wa uzamivu hulipiwa kwa kuwa wasaidizi wa ufundishaji, kazi ambayo kwa mwenye F-1 haipaswi kuvuka saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na kusahihisha mazoezi ya darasa kubwa hula saa hizo zote. Tena idara nyingi huweka mtihani wa mchujo mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na unatungwa kutoka kozi zile zile za msingi. Hakuna swali litakaloulizwa kuhusu kozi ya ziada uliyoipata kwa mbinde. Waombe wanafunzi wa mwaka wa pili mitihani ya nyuma mapema, kwani wengi wanayo.

Basi kabla ya kusajili, mwandikie mkurugenzi wa masomo ya uzamili wa idara yako. Usimwambie umepata alama A ya hesabu. Mwambie ulisoma kitabu gani na mlifika sura ipi. Sehemu ijayo itahusu mkataba wa msaidizi wa ufundishaji: mshahara, bima ya afya na kodi.