Askari Akivua Sare: Haki Zake Kazini

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawaombea waliotoa uhai wao kwa ajili ya taifa. Kwetu Kanda ya Ziwa kumbukumbu hiyo iko karibu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, mgambo waliokuwa wakulima na wavuvi waliitwa vitani pamoja na askari. Vita vilipokwisha mwaka 1979, wengi wao walirudi kwenye majembe na nyavu zao.

Leo, hapa Mwanza, twamkuta askari mstaafu akilinda usiku lango la kiwanda cha samaki, la duka au, tuseme ukweli, la parokia. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa alikwisha kulitumikia jeshi na ana kiinua mgongo chake, ujira wa lindo ni hisani tu. Sivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu walio katika utumishi wa JWTZ, JKT, Polisi na Magereza. Lakini askari akishavua sare na kuajiriwa uraiani, inamlinda sawa na mfanyakazi mwingine yeyote. Masharti ya kazi yake sharti yaandikwe. Saa zake za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zikizidi, alipwe ziada. Kwa kila saa ya usiku anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ni marufuku kumbagua kwa umri au ulemavu. Akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akiachishwa kazi isivyo haki, apeleke shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, anaweza kuipoteza haki yake.

Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, aliwaagiza wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Basi anayetakiwa kuridhika na mshahara, kwanza alipwe ulio wa haki. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliufanya ujira wa haki kuwa kipimo cha uadilifu wa uchumi mzima.

Tuanzie langoni petu. Kabla ya Julai 25 ijayo, kila halmashauri ya walei iusome upya mkataba wa mlinzi wa parokia. Kama haupo, uandikwe. Sala zetu kwa mashujaa waliolala zitakuwa na uzito zaidi tukiwatendea haki walio hai.