Gari lako limetoka nchi ya theluji: likague kabla ya masika

Dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Pwani masika huanza mwishoni mwa Machi, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Watu huziba mapaa na kuzibua mitaro, na wenye magari hununua wipa mpya wakaona wamemaliza. Wipa ni muhimu, lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kushushwa bandari ya Mombasa, na huenda lako bado limevaa nguo za baridi ya huko.

Mimi nililijua hilo baada ya kuponea chupuchupu. Nilipokuwa nikinunua gari langu, muuzaji alizisifia tairi zake: meno marefu, wala hazina ufa. Nikafurahi kwamba nimeokoa pesa. Mvua ya kwanza ya masika ikatukuta karibu na Mtwapa, mimi, mke wangu na watoto wawili. Matatu iliyokuwa mbele ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki, gari likateleza kama limepakwa mafuta, nikakata usukani kushoto tukaishia mtaroni. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Fundi mmoja mzee akapangusa tope kwenye tairi, akanionyesha neno lililoandikwa ubavuni: STUDLESS. "Hizi ni tairi za barafu, mwanangu," akaniambia. "Huku kwetu ni kama kuvaa sabuni."

Tairi za theluji

Katika sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, madereva hubadilisha tairi msimu wa baridi unapoingia. Mpira wa tairi hizo ni laini kwa makusudi, ili usiwe mgumu baridi inapozidi, na meno yake yana mikato mingi midogo ya kung'ang'ania barafu. Zinafanya kazi vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 7. Mombasa hata kipupwe hatufiki huko. Kwenye lami yetu ya moto mpira ule hulegea, huisha haraka, na barabara ikilowa gari huchukua masafa marefu zaidi kusimama.

Kwa hivyo inama usome ubavu wa tairi. Ukiona neno STUDLESS au SNOW, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hiyo kwa kawaida ni tairi ya baridi. Herufi M+S peke yake zisikutishe, maana huandikwa pia kwenye tairi za misimu yote, hasa za magari makubwa. Tazama na tarakimu nne za tarehe: 3021 maana yake ni wiki ya 30 ya mwaka 2021. Meno yenye sura mpya hayamaanishi mpira ni mpya.

Hata tairi zinazofaa zina mwisho wake. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi haiwezi tena kusukuma maji pembeni, na gari huanza kuelea juu ya maji badala ya kushika lami.

Chumvi juu ya chumvi

Huko kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa. Likifika kwetu, hewa ya bahari inaendeleza kazi ileile. Mwambie fundi alinyanyue gari, atazame mabomba ya breki, sakafu na mahali springi zinapokaa. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi nzito iliyo mpya, uliza inaficha nini.

Kuosha nako kuna hesabu yake. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ukiosha gari kwa maji hayo, limalizie kwa maji matamu, hasa chini.

Kulanti si ya baridi tu

Wengine humwaga kulanti wakisema huku hakuna barafu, wakajaza maji ya kisima kwenye rejeta. Ni kweli kulanti huzuia maji yasigande, lakini pia huzuia kutu na huchelewesha maji kuchemka. Maji ya chumvi hula rejeta na pampu taratibu, na siku ya kukwama kwenye foleni ya mvua ndipo injini itachemka.

Maji yakijaa barabarani

Hapa hata tairi nzuri haikuokoi. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua hata magari makubwa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa likipeleka watu harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, kule Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Usipouona mchanga wa chini, rudi nyuma.

Na gari likizimika majini, usiliwashe tena. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hushindwa kuyabana na vyuma vya ndani hupinda. Lisukumwe, livutwe hadi gereji, oili ikaguliwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ukishavuka dimbwi dogo salama, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke.

Mimi nilinunua tairi nne mpya, na zile za theluji kijana mmoja muuza tairi akazitaka palepale, akasema wateja wanazipenda kwa meno yake. Nikamkumbuka mke wangu mtaroni, kitambaa cha kichwa kimelowa tope, akihesabu watoto. Nilizichana kwa kisu kabla ya kumpa. Nawe ukizikuta kwenye gari lako, zitoe, na usimuuzie mwenzako.